Furu wa Lambo na Maji Safi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na dodoki langu mwenyewe na kipande cha sabuni ya mche. Mama ndiye aliyenifungia kwenye mfuko. Alisema ofisi zinakuwaga chafu, na msichana akionekana anajua usafi hafukuzwi. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu huko rasini, ambako kila nyumba ina nyavu mbele na mihogo nyuma, na nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa maabara katika kituo kidogo cha samaki hapa Musoma. Kituo hicho hamtakiona leo. Umebaki msingi tu, na mbuzi wanalala juu yake.

Naitwa Nyafuru. Mlinzi wa getini aliposikia jina alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyafuru anakuja kufuga furu! Basi umekuja kwa ndugu zako, karibu nyumbani." Furu, kwa nyie mliozaliwa juzi, ni wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao zamani walijaa ziwani mpaka watu wakawadharau. Sangara alipoingia aliwala. Mtoto wa Musoma wa leo anajua sangara, sato na dagaa, basi. Ukimtajia furu anadhani unamtaja jirani.

Nikaingizwa kwenye chumba chenye matangi ya vioo yaliyopangwa dirishani, mengine hayazidi boksi la viatu. Ndani mna tope, majani, konokono, na maji ya rangi ya chai iliyochuja. Nikasema moyoni, hawa watu wasomi na hawana haya. Nikakunja mikono ya gauni, nikalowesha dodoki, nikaanza kulipaka sabuni.

"Binti! Unafanya nini?"

Alikuwa Mkuu wa Kituo, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Nasafisha, Mkuu."

"Unaua. Weka chini hilo dodoki. Njoo hapa, nusa."

Niliinama juu ya tangi nikanusa. Yale maji yalinuka udongo baada ya mvua. Akaniambia, "Maji yakinuka hivyo, yako hai. Yakinuka yai bovu, kuna kitu kimeoza chini. Yasiponuka kitu, au yakinuka dawa, usimtie samaki wako humo. Hapa hutafuga samaki, binti. Utafuga maji. Maji yakikaa sawa, samaki watajitunza wenyewe."

Nilitoka pale nikiwa nimeaibika, na nikiwa na hasira kidogo, maana mimi nilikuwa nimelelewa kwamba maji ya ndani ya nyumba yang'ae. Lakini yule mzee alikuwa mwalimu. Alinifundisha kwa makelele, akanifundisha vizuri, na nataka niwaeleze kazi ilivyokuwa kabla sijafika kwenye kilichoniumiza.

Hatukuwa na fedha, kwa hiyo kila kitu tulikitafuta. Kioo tulichukua mabaki kwa fundi vioo wa Iringo, vile vipande vya madirisha alivyokata vibaya. Tuliviunga kwa silikoni, ile gundi ya mpira inayotoka kwenye bomba kama dawa ya meno. Mkuu alisoma maandishi ya bomba lake kwa miwani mbili, kwa sababu silikoni ya bafuni huwekwa dawa ya ukungu, na dawa hiyo huua samaki polepole wewe ukidhani wana homa. Gundi inapokauka inanuka siki. Hutii maji mpaka harufu ya siki iishe kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapokosa subira.

Chini tuliweka udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi. Tuliuchota Bunda, malishoni, kamwe si kwenye mashamba ya pamba, kwa sababu pamba hupuliziwa. Tuliuloweka, tukautoa mizizi na vijiti, tukaulaza kama unga wa ugali chini ya sufuria. Juu yake mchanga wa ziwani uliooshwa, unene wa kidole, ili tope lisipande. Halafu majani. Majani tulipewa bure na wavuvi wa Kibara, kwao ni taka zinazong'ang'ania nyavu: yale marefu kama utepe, na yale yenye manyoya kama mkia wa paka. Wavuvi walitucheka sana. "Nyie watu wa ofisini, mmekosa mboga huko mjini?" Tukayasuuza na kuyakagua jani kwa jani, tusije tukaleta konokono wa kichocho.

Nyie mnaotaka kufuga, sikilizeni hapa. Majani ndiyo pampu yenu. Matangi ya kwenye picha yana mashine ya kupuliza hewa, na umeme wetu mnaujua. Majani mengi tangu siku ya kwanza, dirisha linalopata jua la asubuhi tu, na samaki wachache. Majani yanakula uchafu wa samaki na kutoa hewa. Kwenye tope na mchanga wanazaliwa vijidudu visivyoonekana, hivyo navyo hula ile sumu ya mkojo wa samaki. Vinahitaji wiki nyingi kuzaliana. Ndiyo maana samaki anaingia mwisho, baada ya kila kitu, na ndiyo maana tangi zee lina thamani kuliko tangi jipya. Maji ya kuongezea yanalala kwenye pipa lililo wazi mpaka dawa ya bomba iruke. Chakula, viluwiluwi vya mbu na vumbi la dagaa, kiasi cha kuisha kabla hujageuka. Hiyo ndiyo fani yangu yote, na inaenea kwenye kurasa mbili.

Sasa tulikuwa tunafuga nani? Hapo ndipo penyewe.

Kati ya Bunda na Butiama kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Mkuu wa Kituo alikuwa amevua humo furu ambaye hakumwona popote pengine. Urefu wa kidole cha shahada, ubavu wa kijani kama chupa, pezi la mkia limezungukwa na uzi mwekundu. Dume ana vitone vya njano kwenye pezi la chini. Wachungaji walimwita furu wa lambo tu. Mkuu alipeleka habari zake kwa wenzake wa vyuoni, nao wakajibu kwamba hawamjui, akazidi kuvimba kwa furaha. "Nyafuru, huyu ana kijiji kimoja duniani, na kijiji chenyewe ni hili dimbwi la ng'ombe."

Kisha kijiji cha jirani kikapata mradi. Katapila likachimba lambo likawa na kina kirefu, wakapandikiza sato na kambare ili watu wapate kitoweo. Siku ya kuzindua walichinja, wakacheza ngoma. Mkuu alikwenda kuwaomba watenge hata kona moja. Alirudi amenywea.

"Wamesemaje, Mkuu?"

"Wameniuliza, huyo furu wako analiwa? Nikasema hapana, ni mdogo mno. Wakaniuliza, sasa unatuomba nini? Wewe ungewajibu nini?"

Wale watu walikuwa na watoto wa kulisha. Msimu uliofuata tulitupa nyavu pale mara nyingi, tukapata kambare na sato, furu hata mmoja hatukumwona. Toka hapo furu wa lambo duniani walikuwa wale wa kwenye vioo vyetu, dirishani, Musoma. Mjue hilo mnaponisoma, kwamba mimi niliamka kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi nikiwa na mzigo huo. Likizo nilichukua kwa wasiwasi. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili niliuliza habari za matangi kabla sijauliza uzito wake, mume wangu akanuna wiki nzima.

Mkuu aliona hatari ya kuweka wote chumba kimoja. Akaomba nihamishwe niwe msaidizi wa maabara katika sekondari moja ya Bunda, nikaenda na nusu ya samaki kwenye madumu, nimeyapakata kwenye gari kama watoto. Wazo lake lilikuwa zuri. Kila shule ina dirisha, kila shule ina maabara, tangi halina gharama. Furu wakikaa Musoma, Bunda, na baadaye Butiama, moto ukiwaka huku watapona kule.

Mkuu wa Shule wa Bunda alikuwa amepita jeshini na alitaka kila kitu kwenye mstari. Siku aliyoona tangi alilizunguka, mikono nyuma.

"Hii ni nini, Mama?"

"Samaki, Mkuu. Wa lambo."

"Wanafaulisha mtihani?"

"Wanaweza kusaidia topiki ya mazingira."

"Basi wakae. Ila wasipige kelele."

Huo ulikuwa utani wake wa mwaka mzima. Watoto waliwapenda. Waliita tangi "televisheni ya Mama Nyafuru", wakati wa mapumziko wanajazana dirishani. Niliwaonyesha mama furu anavyotunga mimba mdomoni: anayakusanya mayai kinywani, yanaanguliwa humo, na muda wote huo hali kitu, taya limevimba kama mtu mwenye jino bovu. Wanawe wakitoka kuchungulia na kivuli kikapita, wanakimbilia mdomoni tena.

Musoma ndiko kulikokwisha kwanza. Mkuu wa Kituo alistaafu, kituo kikaamriwa kuhamishwa, na matangi yakapakiwa kwenye lori pamoja na viti na makabati, maji yakiwa ndani. Kioo kilichounganishwa kwa silikoni hakivumilii hata kona moja. Kilichofika kule kilikuwa viti. Chupa za fomalini alizohifadhia furu wa mfano zilimwagwa kwa sababu zilinuka. Nilimtembelea mzee kwake, akaniuliza habari za Bunda tu, mara mbili mbili, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Hakumaliza mwaka.

Bunda kukaisha wakati wa likizo ya Juni, mimi nikiwa sipo. Walipita watu wa kupuliza dawa ya ukoko, ile ya kuua mbu inayopakwa kutani ndani ya nyumba. Siwalaumu, malaria imezika watoto wengi mkoa huu. Wiki moja kabla walitangaza kwa kipaza sauti: toeni vyombo, toeni chakula, funikeni maji. Na kweli, mlinzi wa shule alifunika mapipa yote, akafunika hata ndoo ya chooni. Tangi hakulifunika. Nilipomuuliza alinishangaa kabisa. "Lakini Mama, yale si maji ya kunywa." Niliwakuta wote wanaelea matumbo juu, vitone vya njano bado vinaonekana. Nilikaa chini sakafuni mwa maabara nikalia kwa sauti, na yule mlinzi akasimama mlangoni amevua kofia.

Waliobaki walikuwa Butiama. Nilikuwa nimeshapeleka wachache kwenye sekondari moja kule, tangi moja kubwa kidogo na mawili madogo, nikawa nakwenda kuwaangalia kila nilipopata nafasi. Baada ya Bunda niliomba uhamisho, nikapewa, na pale Butiama nikamalizia utumishi. Matangi yale yalizeeka vizuri. Majani yalijaa, tope likatulia, maji yakawa na ile rangi ya chai. Vioo vya pembeni viliota ukoga wa kijani, nao niliuacha kwa makusudi kwa sababu furu wachanga huuparura wakila. Nilianza kupumua.

Pale nilimkuta Mwalimu Bhoke, mwalimu wa baiolojia, binti wa Kikurya, mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kusaidia. Alinikuta nimeinama akaninyang'anya ndoo. Alinikuta napanda ngazi akanishika kiwiko. Aliniita mama na hakuwa anaigiza. Nilimwambia habari za furu wa lambo, akazipenda, akazisimulia darasani. Ufundi wenyewe, na jinsi ya kumtofautisha furu na samaki wengine wachanga, sikuwa nimemfundisha bado. Alikuwa na vipindi vingi, na mimi nilidhani nitampatia mafunzo polepole katika miezi yangu ya mwisho, na baada ya kustaafu nitakuwa nakuja. Mgongo ulikuwa umeanza kuniadhibu. Nikinyanyua ndoo kwenda tangini nilikuwa nasikia maumivu mpaka mguuni.

Wiki ya kuagwa kwangu waliniambia nisije shuleni. "Mama, kaa nyumbani, jiandae. Tuna surprazi." Nikaenda Musoma kwangu Kigera nikashona gauni la kitenge. Samaki niliwaacha wameshiba, na tangi zee linaweza kukaa wiki bila mtu. Mama furu mmoja alikuwa amevimba taya. Nilimuaga kwa kidole, kama ninavyofanyaga.

Sherehe ilikuwa mchana, chini ya turubai, na mgeni rasmi alikuwa afisa kutoka wilayani. Mnajua mgeni rasmi akija kwetu inavyokuwa. Mawe yanapakwa chokaa, mti unapakwa chokaa, hata mbuzi angesimama vizuri angepakwa. Mkuu wa Shule wa hapo Butiama alikuwa amewaambia walimu, "Mgeni atapita maabara kuona kazi ya Mama. Hakikisheni maji yawe safi." Hilo neno ndilo lililoniua. Safi. Kwetu maji safi ni yale unayoona sarafu chini ya ndoo, na nani angemlaumu mtu kwa hilo.

Walinishika mkono wakanipeleka maabara, wanafunzi wanaimba nyuma. Matangi yamefunikwa khanga. Bhoke akahesabu, wakaivuta ile khanga, na vigelegele vikapigwa.

Maji yalikuwa yanang'aa. Vioo vinang'aa. Chini kokoto nyeupe za kujengea, zimeoshwa. Katikati maua ya plastiki, mekundu na ya waridi. Furu wangu walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanatafuna hewa.

"Mama," Bhoke akasema, macho yamejaa machozi ya furaha, "tulisema umechoka, mgongo haukuruhusu, matangi yamechafuka na unaona aibu kusema. Tumekusaidia. Tumesugua na Jiki, tumesuuza mara tatu, tumejaza maji mapya ya bomba. Safi kabisa!"

"Maji ya zamani yako wapi?"

"Tumemwagilia maua."

"Na tope?"

"Tumetupa, Mama. Lilikuwa linanuka udongo."

Mgeni rasmi alikuwa anapiga picha. Yule mama furu alikuwa amewatema wanawe wote, wametawanyika juu ya kokoto, na alikuwa anawazunguka akijaribu kuwakusanya, akimshika mmoja na kumpoteza mwingine. Mimi nikasema asanteni. Ndiyo, nilisema asanteni, maana watu mia wananitazama na binti yule anapiga makofi kwa furaha.

Nikawaomba ruhusa nikajisafishe uso. Nikavua viatu, nikachukua ndoo, nikaenda kwenye simtanki ya mvua nyuma ya darasa. Maji ya mvua hayana dawa. Nilifanya safari na lile gauni jipya, nikawahamisha kwa mikono, mmoja mmoja. Huku nje emsii anaita, "Tunamwomba mama yetu mpendwa meza kuu! Mama yetu amezidiwa na machozi jamani, tumpigie makofi!" Wakapiga makofi. Bhoke akanifuata kunichukua akanikuta nimepiga magoti mbele ya ndoo.

"Mama, kuna nini?"

Sikuweza kumdanganya, uso wangu ulikuwa umeshasema. Nikamwambia dawa ya bomba inaunguza mashavu yao ya kupumulia. Akatazama ndani ya ndoo. Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Wote?"

"Nyamaza kwanza. Nisaidie kuleta maji."

Tulileta maji. Nilikwenda meza kuu nikakata keki, nikalishwa, nikalisha, nikarudi. Sufuria za pilau zilikuwa hazijaoshwa wakati furu wa mwisho alipolala ubavu. Bhoke alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake la sherehe, anasema, "Mama nisamehe, Mama nisamehe," mpaka nikamwambia anyamaze, nikamkumbatia. Nilimsamehe palepale na sijawahi kumkasirikia. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningejisikia nafuu.

Ninakaa Kigera sasa. Watu wanadhani mstaafu anaumwa na upweke au na kukosa cha kufanya. Mimi cha kufanya ninacho. Vijana wa saluni wanakuja kuniuliza, wenye hoteli wanakuja, nawatengenezea matangi ya mabaki ya vioo, nawapa majani, nawafundisha kungoja. Wanaweka samaki wa duka wa rangi ya machungwa. Matangi yanapendeza. Naondoka bila kutazama nyuma, maana moyoni sina kitu tena. Nimefanya kazi ya maisha yangu, kazi moja tu niliyopewa, na imekwisha vibaya. Msinitafutie neno la kunifariji.

Bhoke alikuwa ananipigia simu kila wiki. Alitaka kufundishwa. Nilimfundisha yote ya tangi, silikoni, mbuga, mchanga, kukagua konokono, kulaza maji. Alikuja mara kadhaa na daftari halikumtosha, akawa ananirekodi. Nilidhani anafanya hivyo kwa ajili ya kujitua mzigo, nikamwacha. Kisha siku moja akapiga simu anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, njoo Butiama. Njoo kesho. Sisemi kitu."

Nilikwenda. Alinisubiri stendi, akanivuta mkono njia nzima kama mtoto. Maabara ilikuwa imejaa wanafunzi. Tangi jipya lilikuwa kwenye dirisha la jua la asubuhi. Tope chini, mchanga unene wa kidole, majani ya utepe nyuma, ya mkia wa paka pembeni. Nilinusa. Udongo baada ya mvua. Kwenye kioo amebandika karatasi yenye maandishi mazuri ya mkono: Furu wa Lambo, Samaki wa Butiama.

"Hawakuisha, Mama," aliniambia. "Nilikwenda lamboni kila Jumamosi. Wachungaji wakanisaidia kuvua. Wenyewe walisema, hawa ndio furu wa lambo, wako tele. Nimewapata, Mama. Nimewarudisha."

Nikaweka miwani. Nikainama.

Walikuwa sato wachanga. Sato mdogo ana doa jeusi kwenye pezi la mgongo na mistari ubavuni. Furu wa lambo hana doa hilo, na hazidi kidole cha shahada hata akizeeka. Wale walikuwa wanaogelea wazima, wana afya, wanang'ata majani yake mapya.

"Bhoke, mwanangu," nikamwambia kwa sauti ndogo, "hawa ni sato."

Akanitazama. Kisha akacheka, akanishika bega. "Mama jamani! Na macho nayo yamestaafu!" Wanafunzi wakacheka, kwa heshima, mkono mdomoni. Msichana mmoja akaniletea kiti nikae nione vizuri.

Nilifikiri niseme tena. Kwa nani? Mkuu wa Kituo yuko kaburini. Chupa zilimwagwa. Picha za mgeni rasmi zilikuwa za maua ya plastiki. Duniani kote aliyebaki wa kumtofautisha furu wa lambo kwa macho ni mimi, na macho yangu ndiyo hayo yamechekwa. Sikurudia. Nilikaa kwenye kile kiti, wanafunzi wakanisomea habari za samaki wao, walivyo adimu, wanavyobeba watoto mdomoni. Walizijua vizuri.

Juzi Bhoke kapiga simu tena. Sauti yake imerudi kuwa ile ya zamani, ya mtu anayelala usingizi.

"Mama, maji yamewakubali! Wamekua hao, ungewaona, sasa wanafika kiganja. Tangi limekuwa dogo. Nataka nitengeneze lingine mara mbili ya hili. Kioo chake kiwe na unene gani?"

Nikamwambia unene.